Joto la nyama limeganda nyuzi 69: ni jiko, ni umeme, au ni nyama yenyewe?

*"Asalaam aleykum mwalimu. Kaka yangu aliyeko Muscat kaniletea jiko la moshi la peleti, lile la umeme lenye kasha pembeni. Nilinunua kidari cha ng'ombe kilo 4 Darajani asubuhi, mchana nikakitia jikoni kwa nyuzi 110 kama nilivyoona kwenye video. Masaa matano ya mwanzo joto la ndani ya nyama lilipanda vizuri mpaka 69, kisha likaganda hapo hapo masaa matatu. Katikati umeme ukakatika kama saa moja na nusu. Uliporudi nikawasha tena, jiko likatoa moshi mzito mweupe, baadae likazima. Kufungua kasha, peleti za chini zimekuwa uji. Nyama nikaitoa usiku: haitafuniki, ina uchungu wa masizi, na pembeni ina duara jekundu. Mavyaa wangu kaisukuma sahani, kasema mbichi na ina damu. Je, jiko bovu? Nyama ile ilikuwa salama? Na Sikukuu ya Mfunguo Tatu nataka kuikausha nyama ya kuchinja kwa moshi ikae nje ya friji kama papa mkavu, inawezekana? Halafu, makonyo ya karafuu yanafaa badala ya peleti? Niko Fuoni, Unguja."*

Waaleykum salaam, dada yangu. Nianze na linalokuuma zaidi: jiko lako, kwa ulivyolieleza, si bovu. Nyama kuganda kwenye nyuzi 69 ni jambo moja, peleti kuwa uji ni jambo la pili, na kukatika umeme ni la tatu. Siku yako ilikuwa mbaya kwa sababu yote matatu yamekutana kwenye kidari kimoja.

Jiko la aina hii ni oveni ya kuni inayoendeshwa na umeme. Alilibuni Joe Traeger huko Oregon, Marekani, katika miaka ya 1980, wakati wenzetu wa nchi za baridi walikuwa wanatumia peleti kupashia nyumba joto. Peleti ni unga wa mbao uliobanwa kwa nguvu mpaka ukashikana wenyewe. Ndani ya kasha kuna skurubu ndefu inayozisukuma kidogo kidogo mpaka kwenye kikombe cha moto. Kijiti cha umeme kinaziwasha, feni inapuliza, na kipimajoto kinaiambia skurubu iongeze au ipunguze. Yaani kila kitu kinategemea mambo mawili: umeme uwepo, na peleti ziwe kavu. Hapa kwetu yote mawili yana shida, na nitayarudia.

Kwanza ile nyuzi 69. Nyama ikishapata joto inatoa maji, na maji yale yanafuka kutoka juu ya nyama. Maji yanapofuka yanaondoka na joto, ndiyo maana maji ya mtungi wa udongo yanakuwa baridi hata siku ya jua kali: mtungi unatoa jasho. Nyama yako nayo ilikuwa inatoa jasho. Joto lote ambalo jiko lilikuwa linaingiza, jasho lilikuwa linalitoa, basi kipimajoto kikakaa pale pale. Hali hii aghalabu huja baina ya nyuzi 65 na 75, na kwa pande kubwa linalopikwa kwa moto mdogo inaweza kukaa saa tatu, nne, hata zaidi. Saa moja na nusu katika zile zako tatu jiko halikuwa na moto kabisa, kwa hiyo usiihesabu. Ukiacha hiyo, kidari cha kilo 4 kwa nyuzi 110 ni kazi ya saa kumi hadi kumi na nne. Wewe ulikitoa kwenye ya nane. Video zile zinakatwa vipande, dada. Usiku wote anaokaa mtu uani hawauoneshi.

Sasa kwa nini ngumu, na nyuzi 69 mpishi yeyote angeiita nyama iliyoiva? Kidari ni sehemu ya ng'ombe inayofanya kazi mchana kutwa, imejaa nyuzinyuzi na utando mweupe unaoitwa kolajeni. Kolajeni haivunjiki kwa kupata joto mara moja. Inataka joto la juu na inataka muda. Inapovunjika inageuka jelatini, ile inayofanya supu ya kongoro igande ikipoa, na hiyo ndiyo inayoilainisha nyama. Kwa kidari, kazi hiyo inakamilika nyama ikifika kama nyuzi 93 mpaka 96 ndani. Kwenye 69 unakuwa na balaa zote mbili: misuli imeshakaza na kukamua maji, kolajeni bado haijalegea. Ungesubiri ingelainika. Kwa hiyo usihesabu saa, hesabu joto, na hata joto lenyewe ulithibitishe kwa mkono: chukua kijiti cha mishkaki ukichome katikati. Kikiingia na kutoka bila kukamatwa, imeiva. Kikikamatwa, irudishe, hata kama kipimajoto kinasema 95.

Ukitaka kuipita ile nyuzi 69 haraka, zipo njia mbili. Moja ni kupandisha jiko mpaka nyuzi 130 hivi. Nyama haitoharibika, wala hutopoteza moshi wa maana, kwa sababu sehemu kubwa ya moshi nyama huishika saa za mwanzo ikiwa bado ina majimaji juu. Ya pili ni kuifunga ikishafika 70 na ngozi yake imeshapata rangi: foili inazuia jasho lisifuke, na joto linapanda. Kasoro ya foili ni kuwa lile gamba la juu linalainika, linakuwa kama nyama ya kuchemsha. Mimi napenda jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto mpaka likalegea, tabaka mbili, halafu foili moja nje. Jani linatia harufu yake. Ila lichanwe tu ule uti wa kati, kama sivyo litapasuka ukilikunja.

Nije kwenye nyama yenyewe, maana hapa ndipo video za Marekani zinapowapoteza watu wetu. Ng'ombe wao analishwa nafaka miezi mingi, kidari chake kina tabaka la mafuta na mafuta mengine yamepita katikati ya nyama. Ng'ombe wetu ni wa nundu, amekula majani, amekwenda kwa miguu yake, kidari chake ni chembamba na kikavu. Ukikipika kama kile cha kwenye video utapata nyama kavu hata ukifuata kila hatua. Kwa hiyo, la kwanza, usimruhusu muuza nyama akipige panga vipande vipande; mwambie unakitaka kizima na mafuta yake asiyaondoe. La pili, muulize nundu. Watu wengi wanaidharau au wanaitupia kwenye supu, lakini nundu ina mafuta yaliyofumwa ndani ya nyama, na kolajeni tele. Wabrazili, ambao ng'ombe wao wengi ni wa nundu kama hawa wetu, wanaiita cupim na wanaipika kwa kuifunga na kuiacha saa nyingi kwenye moto. Kama ungenitaka nichague pande moja tu la ng'ombe wa Unguja kwa jiko lako, ningechukua nundu na kidari nikamwachia mwenye biriani.

Chumvi: gramu 15 kwa kila kilo, ni kijiko cha chakula kisichojaa, uipake usiku wa kuamkia siku ya kupika. Pilipili manga, thomu, bizari nyembamba, upendavyo. Usitie sukari nyingi, inaungua.

Lipo jambo jengine lililoikaza nyama yako, na litakugusa zaidi siku ya kuchinja. Ulinunua asubuhi ukaitia jikoni mchana. Mnyama akishachinjwa misuli yake inakakamaa, kwa ng'ombe inaanza saa kadhaa baada ya kuchinjwa na inachukua siku nzima au zaidi kulegea. Nyama iliyopikwa katikati ya hali ile inakuwa ngumu, hata jiko liwe zuri vipi. Na siku ya sikukuu tunafanya kosa kubwa zaidi: nyama bado ina joto la mnyama, tunaikatakata na kuirundika kwenye friza. Misuli ikipozwa sana kabla haijamaliza kukakamaa inajikunja kwa nguvu, na mkunjo ule hauondoki kwa urahisi. Ndiyo ile nyama ya Mfunguo Tatu unayoichemsha toka asubuhi na alasiri bado inakurudishia meno. Fanya hivi: yale mapande unayotaka kuyatia moshi yaache makubwa, yaweke kwenye friji, si kwenye friza, yasirundikane, yawe na nafasi ya hewa baina yao. Yakae siku mbili, tatu si vibaya. Baada ya hapo pika, au ndiyo uyagandishe. Kuyaacha nje "yapumzike" kwa joto letu hapana, bakteria hawapumziki.

Kuhusu mavyaa wako. Ana haki ya kuuliza, na jibu lake liko wazi: lile duara jekundu si ubichi wala si damu. Damu ilitoka pale mnyama alipochinjwa. Kilichobaki ndani ya misuli ni rangi inayoitwa mayoglobini, ambayo kazi yake ni kuuwekea msuli oksijeni. Kuni zinapoungua zinatoa gesi za naitriki oksaidi na kaboni monoksaidi. Gesi hizo zikigusa mayoglobini iliyo karibu na ngozi ya nyama zinaifunga, na rangi inabaki ya waridi hata nyama ikiiva kupita kiasi. Ndiyo maana ipo pembeni tu, katikati pamekuwa kahawia. Ingekuwa ubichi ingekuwa kinyume chake: nje kahawia, katikati nyekundu. Kwa kuku vile vile, anaweza kubaki na uwaridi karibu na mfupa. Wewe usiamue kwa rangi, piga kipimajoto kwenye paja, nyuzi 74, basi.

Uchungu wa masizi sasa. Moshi mzuri ni mwembamba, unakaribia kutoonekana, una ubuluu kwa mbali. Moshi mweupe mzito ni kuni zinazofukiza bila kuwaka, na ndani yake mna masizi na lami inayoganda juu ya nyama na kuacha uchungu ulimini. Kwako ulitoka kwa sababu mbili. Umeme ulipokatika, feni ilisimama na kikombe kikabaki na peleti zilizoungua nusu. Ulipowasha tena skurubu ikamwaga mpya juu ya majivu na zile mbovu, zikafukiza. Na zile mpya zenyewe zilikuwa zimeshanyonya maji. Wakati wa masika unyevu wa hewa Unguja mara nyingi unapita asilimia 80, na peleti ni unga wa mbao tu, zinavuta maji kutoka hewani hata kama mvua haikuzigusa. Chukua moja uivunje kwa vidole: kavu inakatika kwa mlio na mahali ilipokatika panang'aa kidogo, iliyonyonya inamumunyuka kimya, inakuachia unga mkononi. Ukiona hivyo usiitie. Usiziache kwenye kasha baada ya kupika, hata usiku mmoja. Zimwage kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, uiweke ndani ya nyumba, ipandishwe juu ya kitu isikae kwenye sakafu ya saruji.

Kwa ule uji uliokwama: chomoa umeme kwanza, mwaga kasha lote, toa unachokifikia kwa kijiko cha mti. Usimwagie maji kuulainisha, unavimba zaidi na ukikauka unakuwa zege. Kama skurubu haizunguki, usilazimishe, mota yake ni ndogo. Hapo mwite fundi aitoe yote nje, si kazi kubwa kwa anayejua kufungua mota.

Nyama ile ilikuwa salama? Hukunambia kipimajoto kilisoma ngapi umeme uliporudi, na jibu linategemea hapo. Bakteria wanazaliana baina ya nyuzi 5 na 60. Pande zima la nyama ambalo hukulitoboatoboa lina bakteria juu ya ngozi, na ngozi ilishapita 60 mapema sana. Ndani ilikuwa 69. Jiko lililofungwa mfuniko, na pande la kilo 4, joto halishuki kwa mara moja. Kama hukufunua na kipimajoto kikabaki juu ya 60 au karibu na hapo, ningekula na ningewapa wanangu. Mambo yangekuwa mengine lau umeme ungekatika saa ya pili, nyama ikiwa nyuzi 35 na kitu ndani na jiko limepoa: nyama iliyokaa jumla ya saa nne kwenye joto lile itupe, wala usijaribu kuiokoa kwa kuipika sana, kwani sumu za baadhi ya bakteria haziondoki kwa moto. Ya kusagwa na ya kuku usiipe hata muda huo.

Na usisubiri umeme. Ukikatika, acha mfuniko umefungwa. Kipimajoto kikianza kushuka ifunge nyama kwenye foili uihamishie kwenye oveni ya gesi, au kwenye sufuria zito lenye makaa chini na makaa juu ya mfuniko, moto mdogo. Moshi imeshaupata, kilichobaki ni joto tu, na nyama haijui limetoka wapi. Kama unapika mara kwa mara, betri na inveta ndogo inatosha: jiko linapowaka linataka wati 200 hadi 300 kwa dakika chache za kijiti cha moto, baada ya hapo skurubu na feni zinakula wati 50 hivi au pungufu. Kabla ya kuliwasha tena baada ya kukatika, safisha kikombe cha moto kwanza. Sisemi kwa usafi. Kikombe kilichojaa peleti zinazofukiza kinaweza kushika kwa kishindo, na moto unaweza kurudi nyuma mpaka kwenye kasha.

La nyama kukaa nje ya friji kama papa: hapana, dada, na hapa sina njia ya katikati ya kukupa. Papa mkavu hadumu kwa ajili ya moshi. Anadumu kwa sababu ya chumvi nyingi na jua mpaka maji yameisha mwilini mwake, na bakteria bila maji hawazaliani. Nyama yako ya kidari tunaipika ibaki na maji; hayo maji ndiyo utamu wake. Moshi unagusa juu tu, ndani hauingii. Ukiiacha kabatini siku mbili itanukia moshi na itakudhuru vile vile. Ikishaiva ipumzishe saa moja, kata ukikatisha nyuzinyuzi zake, kula, na inayobaki ndani ya saa mbili iwe imeshaingia kwenye friji katika vyombo vya kina kifupi ipoe upesi. Siku tatu, nne kwenye friji. Miezi miwili mitatu kwenye friza ikiwa imefungwa vizuri. Kama shida yako hasa ni kuwa nyama ya sikukuu ni nyingi na friza ni ndogo, jiko hili halitakutatulia. Gawa zaidi, au kausha nyama nyembamba yenye chumvi kwa njia ya kizamani na anayeijua kazi hiyo awe pembeni yako.

Tena usile vya moshi kila siku. Moshi wa kuni una kemikali zinazohusishwa na saratani, na zile za moshi mzito mweupe ni nyingi zaidi. Mara moja moja, kwa sherehe, mimi sioni tabu.

Pahala pa kuliweka: uani palipo wazi juu, mbali na paa la makuti. Usilitie barazani ukafunga kwa sababu ya mvua. Kaboni monoksaidi haina harufu na imeua watu wamelala. Oman wanatumia volti 240, kwa hiyo kwa umeme wetu wa 230 la kwako halina neno. Anayeletewa la Marekani la volti 120 asilichomeke kabla ya fundi umeme kuona. Na wewe ukihisi chuma kinakutia shoti, au Tukuza (mita ya umeme ya kulipia kabla) inakatika kila ukiwasha, zima na mwite fundi akague waya wa ardhi. Usifanye majaribio mikono ikiwa mibichi. Upande wa afya, mtu akila nyama akaharisha damu, akapata homa, au akashindwa kuweka maji tumboni, mpelekeni hospitali siku ile ile, na kwa mtoto mdogo, mjamzito na mtu mzima sana msingoje hata dalili zote zitimie.

Makonyo. Kwenye kasha usiyatie kabisa: hayana umbo la peleti, yatakwama kwenye skurubu na utarudi kwangu na uji mwengine. Vumbi la seremala nalo usilibane mwenyewe, huwezi kujua ubao ule ulipakwa dawa gani ya mchwa. Lakini ukitaka harufu ya Pemba kwenye nyama, chukua kikopo cha bati kisicho na rangi, kitoboe, tia vipande vichache vya mwembe mkavu na makonyo ya kubana kwa vidole vitatu tu, ukiweke kando ya nyama kwenye saa ya kwanza. Makonyo yana mafuta yale yale ya karafuu yanayotia ganzi jino linalouma; ukizidisha, nyama nzima inanukia dawa ya meno. Mimi naona karafuu mbili tatu zilizotwangwa ndani ya viungo vya kupaka zinafanya kazi nzuri zaidi, na hazitaki kikopo.